Nyumba ya wapangaji yenye fremu mbele (Dar): ada ya taka inahesabiwaje, na mkandarasi ana haki ya kukataa nini?

Msimamizi_wa_Nyumba

Habari za kazi wakuu.

Naomba wenye uelewa wa mambo ya taka Dar, hasa upande wa Kinondoni, wanisaidie. Nyumba ipo Mwananyamala. Ndani kuna familia nne, jumla watu 17. Mbele kuna fremu tatu: chipsi, saluni ya kike na duka la vinywaji. Huyu wa chipsi anamenya kama gunia la kilo 50 la viazi kwa siku. Taka zote, za ndani na za mbele, zinaingia kwenye pipa moja la chuma la lita 200 lililopo uani, halina mfuniko. Gari la taka linapita Jumanne na Ijumaa.

Mambo yanayotusumbua ni haya:

Kwanza, mkandarasi anadai malipo saba, yaani kaya nne na fremu tatu. Wapangaji wanasema nyumba ni moja na pipa ni moja, kwa hiyo ada ni moja.

Pili, vijana wa gari wameanza kugoma kulinyanyua pipa, na viroba vya vifusi na makumbi ya nazi wameviacha getini. Wana haki hiyo?

Tatu, wapangaji wanaogopa kutumia mifuko myeusi ya taka, wanasema ni faini ileile ya mifuko ya plastiki.

Nne, mafuta machafu ya chipsi, nyembe za saluni, taa zilizoungua na pampasi vinatupwa wapi? Na kuna mmoja anachoma karatasi na plastiki usiku nyuma ya nyumba, anasema anapunguza mzigo.

Nawasilisha.

---

BwanaAfya_Kata

Mkuu, nianze na ada maana ndiyo chanzo cha ugomvi kwenye nyumba nyingi.

Mkandarasi hajipangii bei. Jukumu la kuondoa taka ngumu ni la halmashauri, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na Kanuni za Taka Ngumu za 2009. Halmashauri inatunga sheria ndogo kwa mamlaka iliyopewa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982, inazitangaza kwenye Gazeti la Serikali, kisha inampa mkandarasi eneo la kuzoa. Mwishoni mwa hizo sheria ndogo kuna jedwali la ada. Hilo jedwali ndilo la kudai ulione. Nenda kwa mtendaji wa mtaa uombe nakala, au umwombe akufungulie kurasa mbili tu: ile yenye tafsiri ya maneno na ile yenye jedwali.

Kwenye tafsiri ya maneno tafuta neno "kaya". Kwa kawaida kaya ni watu wanaopika na kula pamoja. Paa moja halifanyi kaya moja. Familia nne zenye majiko manne ni kaya nne. Kwenye jedwali utaona makazi yana kiwango chake na biashara zimepangwa kwa aina: duka, saluni, mgahawa, baa, gereji, hoteli. Kila fremu yenye leseni yake inasimama yenyewe, hata kama zote zinatupa kwenye pipa lako. Kwa hiyo malipo saba si wizi. Wizi ni pale anapokutoza chipsi kwa kiwango cha hoteli, au anapohesabu chumba kilichofungwa miezi mitatu. Chumba kikiwa kitupu, andika barua fupi kwa mtendaji wa mtaa siku mpangaji anapotoka, mkandarasi apewe nakala. Ukisubiri mwisho wa mwaka hakuna atakayekuelewa.

Malipo yafanyike kwa risiti ya mashine au namba ya malipo. Ukipewa karatasi ya kuandikwa kwa kalamu, uliza. Na kila mlipaji awe na risiti yake kwa jina lake. Msichange mkalipa kwa risiti moja yenye jina la mwenye nyumba, kwa sababu ukaguzi ukija kwenye fremu, huyo wa saluni hatakuwa na kitu cha kuonyesha.

Gari lisipopita, kosa ambalo watu hufanya ni kugoma kulipa. Kutolipa ada ni kosa chini ya sheria ndogo, unaweza kufikishwa mahakamani hata kama taka zimekaa wiki mbili. Njia ya kufuata ni hii: andika tarehe ambazo gari lilipaswa kupita na halikupita, piga picha ya pipa siku hiyo, peleka kwa mtendaji wa mtaa. Kisha afisa afya wa kata. Kisha idara ya manispaa inayosimamia usafi na taka ngumu. Mkataba wa mkandarasi una ratiba ndani yake, na tarehe ulizoandika ndizo zinazombana. "Hawapiti kabisa hawa" haimbani mtu.

Kuchoma: mwambieni aache. Sheria ndogo zinakataza, na sababu ipo. Moto wa uani hauna joto la kutosha kumaliza plastiki, unaigeuza moshi wenye sumu, na mbaya zaidi ni vipande vya mabomba ya maji na nyaya, maana plastiki yake ina klorini. Majivu yanayobaki ndiyo watoto wanayachezea asubuhi. Na mzigo anaoupunguza ni ule mwepesi kuliko wote.

---

Fuso_na_Guta

Hapo kwa uzito ndipo pangu.

Tupige hesabu ya hilo pipa. Mtu mmoja mjini kadiria nusu kilo ya taka kwa siku, kwa nyumba inayopika sana inapanda kidogo. Watu 17 ni kama kilo 10. Kutoka Ijumaa hadi Jumanne ni siku nne, kilo 40. Sasa chipsi: viazi kilo 50 vinatoa maganda kilo 5 hadi 8 kutegemea anayemenya ana mkono gani, ongeza mabaki ya sahani, kabichi, nyanya na maganda ya mayai, unapata kama kilo 12 kwa siku. Siku nne ni karibu kilo 50. Yaani fremu moja inazidi familia nne. Saluni na duka ni vitu vyepesi, nywele na maboksi.

Kwa hiyo Jumanne pipa lina kilo 90 na ushee, bado chuma chenyewe. Vijana wawili wanatakiwa walinyanyue mpaka juu ya bodi la Fuso lililoongezwa mbao, yaani juu ya vichwa vyao. Likiteleza linashuka na mtu. Ndiyo maana wanagoma, na mimi nisingewalaumu.

Na hapo mvua haijanyesha. Pipa la lita 200 lina mdomo wa sentimita 57 hivi. Mvua ya milimita 40, ambayo masika ni jambo la asubuhi moja, inaingiza lita 10 za maji ndani ya pipa lisilo na mfuniko. Kilo 10 za bure. Hayo maji yanatoka na rangi ya chai, yanawamwagikia wabebaji, yanamwagika barabarani, mnasema gari linanuka.

Toeni pipa. Nunueni ndoo za plastiki za lita 20 zenye mifuniko, zile za rangi, hata za mtumba. Ndoo ikijaa taka mbichi ina kilo 10 hadi 12, mtu mmoja anaimwaga kwa mkono mmoja. Chipsi anahitaji ndoo moja kwa siku, kwa hiyo nne. Familia zote kwa pamoja ndoo tatu za taka mbichi zinatosha mpaka Jumanne. Jumla saba. Taka kavu ziwe kwenye viroba viwili vimening'inizwa kwenye msumari, visiguse chini. Mkishindwa kabisa kuachana na pipa, basi liwe la lita 100 na lenye mfuniko, na lisizidi robo tatu.

Vitu ambavyo gari la kawaida halibebi, au linabeba kwa makubaliano na malipo ya pembeni:

Vifusi. Tofali, zege, vigae, udongo wa kuchimba choo. Hivi havimo kwenye ada ya mwezi. Ukibomoa ukuta unatafuta gari lako na unauliza mtaa wapi wanahitaji kujaziwa, mara nyingi kuna mtu ana kiwanja chenye shimo anavitaka. Usimwage bondeni. Sheria ya mazingira inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bahari, na kuujaza mkondo kwa vifusi ndiko kunakoleta maji nyumba ya jirani.

Mchanga wa kufagia uwanja. Huu watu hawaufikirii kabisa. Ndoo ya lita 20 ya mchanga ni kilo 30, karibu mara tatu ya ndoo ya maganda. Dar tunafagia uwanja kila asubuhi, majani yanachotwa pamoja na mchanga, vyote kirobani. Kiroba cha namna hiyo kinapasuka kitako kikinyanyuliwa. Tumieni reki badala ya fagio la chelewa, au pepeteni majani, mchanga urudi uwanjani.

Makumbi ya nazi na madafu. Si mazito, ila yanajaza bodi na hayashindiliki. Kiroba kimoja au viwili kwa wiki vijana hubeba bila neno. Ukiwa na rundo la muuza madafu huyo ni mfanyabiashara, alipie yake.

Majivu ya jiko. Yalale usiku mzima kwenye ndoo ya bati ndipo yaingie kirobani. Kaa moja lenye moto ndani linaweza kuwasha gari zima, na moto wa kwenye bodi la taka hauonekani mpaka uko nusu ya njia ya kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi.

Jingine, na hili ni la pesa zenu. Wapo vijana wa mkokoteni wanaopita usiku, unampa jero au buku (500 au 1,000) anaondoka na kiroba. Anakipeleka wapi? Mtaroni, mtaa wa pili. Afisa afya akifungua kile kiroba anakuta bili ya maji yenye jina. Faini inarudi kwa mwenye jina, na mabango mengi ya Dar yanataja 50,000. Mzoaji halali wa guta yupo kwenye orodha ya mkandarasi au kikundi kinachotambuliwa na serikali ya mtaa, na anapeleka kwenye kizimba cha taka au sehemu anapokutana na gari. Muulize mwenyekiti wa mtaa, atakwambia ni nani.

---

Msimamizi_wa_Nyumba

Shukrani sana. Hiyo ya mchanga imenigusa, kweli viroba vyetu vinapasuka kitako na tulikuwa tunalaumu viroba.

Ndoo saba sawa. Ila wapangaji wanasema ndoo ya taka mbichi siku nne itanuka kuliko pipa. Na je, lazima gari lipite mara mbili? Mkandarasi alishawahi kupendekeza mara moja kwa wiki kwa bei ya chini.

---

BwanaAfya_Kata

Msikubali mara moja kwa wiki, na sababu ni nzi. Nzi wa nyumbani akitaga leo, kwa joto la Dar mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja. Funza anakula siku 4 hadi 7, halafu anatoka kwenye taka kwenda kujichimbia mahali pakavu pembeni, na huko ndiko anakogeuka nzi. Taka zikiondoka kila siku tatu au nne, funza wengi wanaondoka nazo. Zikikaa siku saba, funza wameshashuka wenyewe, gari linabeba taka na kuwaachia nzi.

Harufu inatokana na maji, si umri peke yake. Chujeni kabla ya kutupa. Mabaki ya mboga na wali yakae kwenye chujio juu ya karo dakika tano. Chini ya ndoo wekeni karatasi ya gazeti iliyokunjwa au konzi mbili za randa za mbao kutoka kwa fundi seremala, zinanyonya. Kila ndoo ikimwagwa isuuzwe na ipigwe jua ikiwa imefunikwa kifudifudi. Ndoo isiyosuuzwa inaanza wiki na funza wa wiki iliyopita.

Mifuko myeusi: hofu hiyo haina msingi, lakini naielewa ilikotoka. Marufuku iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 ni ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Anayekutwa akiitumia, faini ni 30,000 hadi 200,000 au kifungo kisichozidi siku saba, na muuzaji na mtengenezaji wana adhabu kubwa zaidi. Kanuni hizohizo zimeacha vifungashio vya plastiki vya matumizi kadhaa, na usafi na udhibiti wa taka umo. Kwa hiyo mfuko wa kuzolea taka si kosa. Kosa ni kuutumia mfuko huo kufungia mteja chipsi au kubebea sokoni. Hata hivyo kama mna ndoo zenye mifuniko, mifuko ya nini? Mwageni moja kwa moja garini.

Nyembe za saluni na sindano za mgonjwa wa kisukari: chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha, kama ya dawa ya kusafishia choo. Ikifika robo tatu ifungwe, izungushiwe utepe, ipelekwe kituo cha afya mkiongea nao kwanza. Usijaze mpaka juu. Watu huchomwa wakati wa kusukumia ule wembe wa mwisho. Nyembe zikiwekwa kwenye kiroba zinamkata mzoaji paja, kwa sababu kiroba kinabebwa kikiwa kimegusa mguu.

Taa za mirija na zile za kusokota zina zebaki kidogo ndani. Zirudishwe kwenye boksi lake au zifungwe kwa gazeti, zisivunjwe, ziwekwe kando pamoja na betri na simu mbovu. Taka za umeme na elektroniki zina kanuni zake za 2021, na za taka hatarishi zipo za mwaka huohuo, kwa hiyo mkusanyaji wake anatakiwa awe na kibali. Nyumba moja haitapata mtu wa kuja kuchukua taa tatu. Kusanyeni boksi moja la juu ya kabati, likijaa mwulizeni afisa mazingira wa manispaa nani mwenye kibali kwa wakati huo.

Pampasi: kinyesi kiende chooni kwanza, ikunjwe kwa ndani na kubanwa kwa gundi zake zenyewe, ziwe kwenye mfuko wake peke yake. Isitupwe kwenye shimo la choo. Inavimba kwa maji na kuziba bomba la gari la kunyonya, na dereva akishakuta pampasi mbili tatu anaongeza bei au anaondoka.

Na mwambieni mwenye chipsi kuhusu Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ni siku ya usafi, biashara nyingi hufunguliwa saa 4 asubuhi. Mbele ya fremu yake, mpaka ukingo wa mtaro, ni jukumu lake kufagia. Nasema mpaka ukingo maana wengi wanafagilia ndani ya mtaro, na hiyo ni kutupa taka ovyo kama kosa jingine lolote.

---

ChupaKwaKilo

Taka kavu msimpe mkandarasi bure jamani, hasa hilo duka la vinywaji.

Chupa za maji na soda zile zinazong'aa, kitako chake kina pembe tatu yenye namba 1. Chupa za nusu lita 50 hadi 80 ndizo zinafanya kilo, kutegemea unene. Za lita moja na nusu kama 30. Zikanyageni bapa na mrudishe kifuniko, la sivyo kiroba kinajaa hewa tu. Mnunuzi anapenda zisiwe na maji ndani, zisiwe na mafuta, na zisichanganywe na chupa za rangi ya maziwa. Hizo za maziwa, sabuni na madumu mara nyingi ni namba 2, kiroba chake. Vifuniko ni namba 5 au 2, havina tatizo vikibaki vimefungwa: kiwandani wanasaga vyote wanamwaga kwenye maji, kipande cha chupa kinazama, cha kifuniko kinaelea.

Kinachoharibu mzigo ni namba 3. Vipande vya mabomba ya maji, baadhi ya mifuniko ya vyombo, mifuko migumu ya mashuka. Haya yanazama pamoja na chupa, hayatengani kwenye maji, na yakipata joto la kuyeyushia chupa yanaungua na kuacha madoa meusi. Ndiyo maana mnunuzi anapekua kiroba kwa mkono na akikuta bomba anashusha bei ya kiroba chote.

Kopo za soda za alumini, kama 70 zinafanya kilo. Shika sumaku: ikinasa ni bati, ikikataa ni alumini, na alumini ndiyo yenye hela. Maboksi yakunjwe bapa, yafungwe kamba, yasinyeshewe. Boksi lenye mafuta ya chipsi au keki halinunuliwi, liende kwenye mboji. Chupa za kioo za kreti zina thamani ya kreti, zirudi dukani. Kioo kilichovunjika kiwekwe kwenye boksi gumu na kuandikwa CHUPA kwa herufi kubwa. Kirobani kinafanya kazi ileile ya wembe.

Bei hubadilika kila msimu, sitataja. Uliza wanunuzi wawili siku hiyohiyo, na uza kwa mzani unaouona. Akisema "kwa kiroba", jua anajua hesabu kuliko wewe.

---

MamaMboji

Naona mmeshagawa kavu, zimebaki zile kilo 50 za taka za chipsi za siku nne ambazo ndizo zinazofanya ndoo ziwe saba. Maganda ya viazi ni mali, dada na kaka zangu. Kuna wafugaji wa mbuzi na nguruwe pembezoni wanayafuata. Masharti yao ni mawili: yasichanganywe na plastiki au vijiti vya mishikaki, na yawe ya siku hiyohiyo. Maganda yenye kijani na macho yaliyochipua yawekwe kando, yana sumu ile inayofanya kiazi kiwe kichungu.

Kama kuna nafasi uani ya mita moja kwa moja, tengenezeni mboji. Mbao nne za pembeni, chini udongo mtupu, msimwage zege. Kila ndoo moja ya maganda iwekeeni ndoo mbili za vitu vikavu: majani makavu (hayo ya reki aliyosema Fuso), randa za mbao, boksi lililochanwa. Hapo ndipo wengi wanakosea, wanamwaga maganda matupu siku tatu mfululizo, rundo linakuwa uji mweusi unaonuka mayai viza kwa sababu hewa haipiti. Likishafika hapo, dawa ni kuligeuza lote na kuongeza vikavu. Maji na chokaa hayasaidii.

Kipimo cha unyevu: kamata konzi, kamua kwa nguvu. Tone moja au mawili ni sawa. Yakichuruzika, ongeza vikavu. Mkono ukibaki mkavu, nyunyiza maji. Kipimo cha joto: chomeka nondo fupi katikati ya rundo, subiri dakika tano, ichomoe ushike ncha. Ikikushinda kushika, rundo limepita nyuzi 50 na linafanya kazi. Likae kwenye nyuzi 55 hadi 65 siku tatu au zaidi, mbegu za magugu na vijidudu vingi vinakufa. Geuzeni kila wiki, nje kuingia ndani. Miezi miwili hadi mitatu mnapata udongo mweusi usio na harufu.

Visiingie: nyama, mifupa, samaki, wali wenye mafuta. Hivyo vinaleta panya, na panya akishazoea rundo hata mboji nzuri hataiacha. Maganda ya mayai yaingie ila yaponde kwanza, ganda zima hukaa mwaka mzima lilivyo.

Kwa kiasi kikubwa kama cha sokoni, Kinondoni wana mtambo wa mboji Mabwepande uliotokana na ushirikiano wa Dar es Salaam na mji wa Hamburg, Ujerumani. Ila huo unakula takataka za masoko zilizotengwa vizuri. Kilo 12 za fremu moja zibaki uani.

---

Kilindini_Mtaa

Huku Kenya mambo yamekaza zaidi upande wa kutenganisha. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtaka kila mwenye ofisi, duka au taasisi atenge taka za kuoza na zisizooza, kwenye vyombo vyenye rangi na maandishi. Anayebeba anahitaji leseni ya usafirishaji ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya huku, na gari lifunikwe. Kwa hiyo landilodi hapa Mombasa haulizi bei kwanza, anauliza leseni kwanza, akishaiona ndipo mnaongea bei. Naona Dar mnafanya kinyume. Ile mifuko ya plastiki ya kubebea tuliipiga marufuku Agosti 2017, na faini inaanzia shilingi milioni mbili za Kenya, kwa hivyo msafiri akivuka mpaka wa Horohoro na mifuko mkobani ajiangalie pande zote mbili.

---

Fuso_na_Guta

Leseni muhimu, nakubali. Huku mwulize mkandarasi barua ya manispaa inayotaja mtaa wako. Akikuonyesha ya kata nyingine, hiyo siyo.

---

Msimamizi_wa_Nyumba

Nimeelewa. Limebaki la mafuta ya chipsi. Kwa sasa anamwaga kwenye karo la nje lililounganishwa na chemba.

---

BwanaAfya_Kata

Aache leo hii. Mafuta yanashuka yakiwa ya moto, yanapoa bombani, yanaganda ukutani na kukamata maganda na mchele. Chemba ikiziba inafurika upande wa chini, yaani kwa mpangaji wa nyuma, si kwa mwenye chipsi.

Mafuta yapoe kabisa, yachujwe kwa kitambaa, yaingie kwenye dumu la lita 20 lililoandikwa MAFUTA MACHAFU. Watengeneza sabuni wanayanunua. Muuzieni mtengeneza sabuni mnayemjua mahali anapofanyia kazi, na tieni matone machache ya rangi ya sabuni ndani ya dumu kabla halijaondoka. Asiye wa sabuni atalikataa dumu lenye rangi, na hapo mtajua alitaka kuyauza tena kwa kukaangia.

Masufuria yafutwe kwa karatasi kabla ya kuoshwa, karatasi iende kwenye ndoo. Kati ya karo na chemba kubwa mjenge chemba ndogo ya kukamata mafuta, yenye bomba la kutokea lililokunjwa kuelekea chini ili lichote maji ya chini na mafuta yabaki yanaelea juu. Fundi wengi wanaliweka bomba hilo juu, halafu mafuta ndiyo yanayotangulia kupita. Kila Jumatatu, siku moja kabla ya gari, chomekeni kijiti mkipime: tabaka la juu na matope ya chini yakifika robo ya kina, chota kwa kopo, changanya na randa za mbao mpaka yashikane, yaingie kwenye ndoo ya Jumanne.